Mifugo ya Kwenye Kioo

Ndugu zangu wa Nambis, na ninyi wa Haydom na Katesh mtakaosomewa maneno haya, nawasalimu. Wakubwa zangu, shikamooni. Watoto wangu, marahaba. Ninalo jambo la nyumbani kwangu ambalo wengi mmelisikia, kila mtu na kipande chake. Leo nalisema lote, kwa sababu nyumba zenye vifaa vya kuchezea sasa ni nyingi, na mtoto mdogo yupo karibu kila nyumba.

Mwaka huu asubuhi zetu zilianza vizuri. Ukungu umelala bondeni, moto umewashwa, na mwanangu Vicent amechuchumaa kando ya ng'ombe mwekundu anakamua. Mjukuu wangu Oliva, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu, anasimama mlangoni peku, kikombe cha bati mkononi.

"Shikamoo, Ng'ombe," Oliva anasema.

Vicent anajibu kwa sauti nzito akiwa bado ameinama, "Marahaba, mjukuu. Umeamkaje?"

Oliva anacheka mpaka kikombe kinamdondoka. Kila siku mchezo ni huo huo na kila siku anacheka upya.

Ng'ombe yule hakuwa wetu. Mke wa Vicent, Helena, alilazwa Haydom tangu karibu na Pasaka kwa ugonjwa wa kifua, na alipolazwa Oliva aliachishwa ziwa ghafla. Mtoto alikonda, nywele zikawa nyekundu, miguu ikavimba. Naye alitibiwa huko huko, akapona. Siku tunaruhusiwa, muuguzi mmoja alitoka nje kutufuata mpaka kituo cha basi, mvua inanyesha, akaniambia, "Bibi, huyu ni maziwa. Kila siku. Akikosa, ugonjwa mdogo tu utamwangusha." Muuguzi yule alilowa kwa ajili yetu. Sijamsahau.

Sisi hatukuwa na ng'ombe wa maziwa. Nikamwambia Vicent aende kwa Mzee Gidahosh, Mbarbaig anayechunga tambarare za chini ya mlima Hanang, rafiki wa marehemu mume wangu Bonaventura. Gidahosh hakuuliza maswali mengi. Alishika kamba ya ng'ombe mwenye ndama, akamwekea Vicent mkononi. Mnajua desturi hiyo, wenzangu. Maziwa ni ya aliyeshika kamba, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na ng'ombe ni udugu baina yao. Hivyo ndivyo Oliva alivyopata nyama mashavuni.

Mwezi wa sita alikuja Patriki, rafiki wa Vicent tangu shule ya msingi, ambaye sasa anafanya kazi Arusha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Patriki baba. Umenenepa, mji umekupokea."

"Ni ugali wa dukani huo, Mama. Hauna nguvu, unajaza tu." Akamgeukia Vicent. "Wewe mchungaji, fumba macho."

"Acha utoto."

"Fumba, nakwambia!"

Vicent alifumba. Patriki akatoa kwenye begi kifaa kidogo chenye kioo, mfano wa simu iliyolazwa, akabonyeza. Kikatoka kimuziki chembamba. Mwanangu alifumbua macho kabla hajaruhusiwa.

"Ni ule?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ule ule. Kampuni imeutoa tena, hawajaongeza kitu. Zamani tulihitaji kile kidude cha kijivu cha betri nne. Sasa unachezwa kwenye hivi vya kisasa. Mimi nimeshaanza tena nyumbani, nikanunua na chako."

"Na yai la kwanza?"

"Yai lipo. Linakungoja wewe."

Niwaeleze. Bonaventura alikuwa dereva wa gari la wageni waliojenga visima. Mtoto mmoja wa wageni hao, alipokuwa anarudi kwao, alimpa Vicent mchezo wake. Ulikuwa mchezo wa kufuga madubwana. Unaangua yai, unamlisha mnyama, unamfundisha kupigana, anakua na kugeuka umbo. Vicent alikuwa na mnyama wake aliyempa jina Dereva. Alikaa kiti cha mbele pembeni ya baba yake, gari linapanda milima, naye anamlea Dereva. Baba yake alimwuliza, "Mwenzangu ameshakula?" Basi wanacheka wote wawili.

Mwaka ambao Bonaventura alifariki, betri ya ndani ya mchezo ule nayo ilikufa. Vicent alipouwasha, wanyama wote walikuwa wamefutika. Alilia kwa ajili ya Dereva kwa namna ambayo hakuwa amelia makaburini. Mimi nilijua alikuwa analilia wote wawili.

Kwa hiyo nilipomwona amekishika kile kifaa, nilifurahi. Patriki hakuleta ubaya nyumbani kwangu. Alileta zawadi, na alikuwa ameifikiria.

Jioni hiyo Vicent alinionyesha. Yai lilikuwa limeanguliwa, kumetoka kinyama cha rangi ya chungwa chenye masikio makubwa.

"Ukimlisha kwa wakati anakupenda, Mama. Ukimsahau ananuna."

"Na akifa?"

"Hafi. Akizidiwa anazimia tu, unampeleka kwa mganga wao, anaamka. Na safari hii hafutiki. Anatunzwa huko huko hewani, hata kifaa kikiharibika."

"Huo ni mfugo mzuri," nilimwambia. "Usimwambie mwekundu wetu, naye atataka."

Tulicheka, Oliva akiwa katikati yetu.

Sasa wenzangu, mabaya hayakuingia kwa kishindo. Kwanza Vicent alimlisha mnyama wake kabla ya kukamua, dakika chache tu. Halafu maziwa yakawa yanachelewa. Oliva alisimama mlangoni na kikombe chake, akasema shikamoo yake, na hakuna aliyeitikia marahaba, kwa kuwa mjibu alikuwa ameinamia kioo. Siku ya tatu hivi aliacha kusema.

Siku moja nilitoka shambani nikamkuta ndama amefungwa juani, ulimi nje.

"Vicent, ndama anakufa kwa kiu."

"Naenda, Mama. Nimalize hapa, siwezi kuacha katikati, nitapoteza."

"Utapoteza nini?"

Aliendelea kubonyeza. Nilimnywesha ndama mwenyewe.

Jumamosi moja alikuwa ameahidi kwenda Haydom kumwona Helena. Asubuhi alisema basi limemwacha. Jioni Helena alinipigia kwa simu ya mgonjwa mwenzake.

"Mama, Vicent ni mzima?"

"Ni mzima."

"Nilikaa benchi la nje mpaka basi la mwisho likapita. Nilidhani amepata ajali." Alikohoa kidogo. "Basi, kama ni mzima, ashukuriwe Mungu. Ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha pili walinigawia chakula chao. Oliva anakunywa?"

"Anakunywa," nilisema, na siku hiyo ilikuwa kweli.

Nilipomwambia Vicent, alitazama chini. "Nitaenda Jumamosi ijayo," alisema. "Mama, hujui. Nikiwa humo najisikia kama niko kwenye gari, na Baba yuko pale."

Nilimshika bega. "Najua, mwanangu. Lakini Baba hayupo kwenye gari. Helena yupo kwenye benchi."

Aliitikia kwa kichwa. Kifaa alikiweka mfukoni. Kesho yake kilikuwa mkononi tena.

Sasa nafika kwenye zamu. Kwetu huku, kama mnavyojua, kila nyumba haina mchungaji wake. Majirani tunaunganisha ng'ombe wetu kuwa kundi moja, na kila nyumba inachunga siku yake. Siku ya zamu yako umebeba mali ya watu wote. Na mwezi wa saba, baada ya kuvuna, ng'ombe huachiwa mashambani wale mabua. Lakini mtama una hatari. Visiki vyake vikichipua upya kwenye baridi ile, yale majani machanga ni sumu. Ng'ombe akishiba hayo, hafiki jioni. Mzee Margwe, mkubwa wa kundi letu, alikuwa amepita nyumba kwa nyumba.

"Bonde la chini limefungwa," alituambia. "Mtama umechipua. Chungeni juu, kwenye mabua ya mahindi, mpaka nitakaposema."

Vicent alisikia. Hata alimjibu, "Sawa, Mzee."

Siku ya zamu yake alichukua fimbo, koti na kifaa. Niliona mfuko umetuna. Nilimwambia, "Kiache leo." Akasema, "Ni kwa ajili ya saa ya kupumzika tu, Mama."

Yaliyofuata alinieleza mwenyewe baadaye. Mnyama wake, ambaye alikuwa amempa tena jina la Dereva, alikuwa amebakiza kidogo ageuke umbo la mwisho, lile ambalo utotoni hakuwahi kulifikia kwa sababu betri ilikufa. Jua lilikuwa linawaka kwenye kioo, haoni. Kwa hiyo alikaa nyuma ya jiwe, akajifunika koti kichwani ili apate giza. Ndugu zangu, mchungaji wa watu wote alijifunika koti kichwani mchana kweupe.

Mimi nilikuwa napalilia viazi nilipomsikia jirani yetu Verediana anapiga yowe. Tulikimbia. Ng'ombe walikuwa bonde la chini. Wengine wamesimama wanatetemeka, wanahema kwa nguvu, mate yanachuruzika. Wengine wameanguka, miguu inapiga ardhi. Mwekundu wetu alikuwa amelala kwa ubavu. Nilipomgusa shingo alikuwa bado ana joto, lakini macho yalikwisha.

Vicent alisimama katikati yao, koti limemning'inia begani.

"Ulikuwa wapi?" Verediana alimlilia. "Vicent, ulikuwa wapi wewe? Ulikuwa hapa hapa!"

Vijana walimfuata bwana mifugo kwa pikipiki. Alikuja mbio, akawachoma sindano waliokuwa bado hai, na wawili wakasimama. Wanne walikufa, na mmoja wao alikuwa wa Verediana. Bwana mifugo alisema nyama isiliwe, tuzike. Jioni ile watu walichimba pamoja mpaka giza, pamoja na wale waliopoteza, na hakuna aliyemtukana mwanangu.

Mzee Margwe alisema maneno machache tu. "Hatutakudai ng'ombe, Vicent. Lakini zamu tumekuondolea."

Ningependa angemdai. Mtu anayeondolewa zamu ameambiwa kwamba macho yake hayategemewi.

Ngozi ya mwekundu Vicent aliichuna mwenyewe, akaitandaza na kuikausha. Hiyo ndiyo desturi. Ng'ombe wa rafiki akifia kwako, aliyeshika kamba anapeleka ngozi kwa mkono wake, anaiweka chini mbele ya mwenye ng'ombe, anasema alivyokufa bila kupunguza. Habari hiyo haisemwi kwa simu. Ukisema kweli, udugu haufi. Mwenye ng'ombe akiwa na mwingine, mara nyingi anakupa kamba nyingine siku ile ile, kwa sababu alikopesha kwa ajili ya mtoto, na mtoto bado yupo.

"Nenda," nilimwambia. "Usijitetee. Sema ulijifunika koti. Gidahosh ni mtu."

"Atanionaje, Mama?"

"Atakuona umekuja."

Aliondoka na ngozi mgongoni. Alilala huko, akarudi siku ya pili, mikono mitupu, macho mekundu.

"Amesemaje?"

"Amekataa," Vicent alisema. "Amesema tusikanyage tena kwake. Wala tusimpigie."

Nilikaa chini. Nilimwamini, kwa sababu hasira ya mtu aliyefiwa na ng'ombe naijua, na uso wa mwanangu ulikuwa uso wa mtu aliyefukuzwa.

Oliva alibaki bila maziwa. Ndama alikuwa ameshazoea majani, yeye alinusurika. Mtoto wa mtu hanusuriki kwa majani.

Nisiwanyime majirani zangu haki yao. Verediana, ambaye ng'ombe wake mmoja alikufa kwa kosa letu, alituletea nusu kibuyu cha maziwa kila asubuhi kutoka kwa yule aliyembakia. Aliyaweka mlangoni, akaondoka haraka ili nisipate nafasi ya kumshukuru. Aliendelea mpaka ng'ombe huyo akakauka. Nilimpa Oliva mayai, halafu ugonjwa wa mdondo ukapita, kuku wakaisha. Nilimpikia uji wa mtama na karanga kidogo nilizokuwa nazo. Alikunywa vijiko viwili, akageuza uso.

Na Vicent? Vicent alikuwa kwenye kile kifaa kuliko mwanzo. Zamani alikuwa akicheza anatabasamu. Sasa alicheza bila uso. Nilimkuta nyuma ya nyumba, Oliva amelala mapajani pake, na juu ya kichwa cha mtoto mikono yake inabonyeza.

"Mwanangu, miguu ya Oliva imeanza tena kuvimba."

"Najua."

"Twende tena kwa Gidahosh, mimi na wewe. Nitapiga magoti mimi."

"Hapana!" Alisema kwa sauti kubwa hata mtoto akashtuka. "Mama, nimekwambia amekataa. Unataka tufukuzwe mara mbili?"

Nikamchukua mtoto, nikaingia naye ndani.

Kifua kilimshika Oliva wiki ya baridi kali. Kilikuwa kikohozi kidogo tu, wale watoto wengine wa jirani walikipata wakaendelea kucheza. Yeye hakuwa na kitu mwilini cha kupigania. Tulimpeleka Haydom kwa basi. Kondakta alitupa kiti cha mbele, akawaambia abiria wafunge madirisha yote, na mwanamke mmoja nisiyemjua alivua khanga yake akamfunika miguu. Hakuidai tulipotelemka.

Wauguzi walimpokea wakikimbia. Helena alitoka wodini kwake kwa ruhusa, amejifunika mdomo, akakaa upande mmoja wa kitanda na mimi upande mwingine. Vicent alisimama ukutani. Walifanya kila kitu, nami niliona. Daktari kijana alikaa na Oliva hata baada ya zamu yake kwisha. Asubuhi ya pili, Oliva alifungua macho, akamtazama mama yake kwa muda mrefu kana kwamba anamkumbuka, akafunga.

Helena hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Si alikuwa anakunywa?"

Tulimzika Nambis. Helena aliruhusiwa kuja, maana dawa zilikuwa zimeshamfikisha mahali pazuri. Tukiwa bado kwenye matanga, watu wamekaa nje kwenye mabenchi, tuliona mtu mrefu anapanda njia akiwa na fimbo, na nyuma yake ng'ombe mweupe na ndama.

Alikuwa Mzee Gidahosh. Vumbi lilimfika magotini. Alipoona mabenchi na watu wamekaa kimya, alisimama.

"Shikamoo, Mzee," Vicent alisema. Alikuwa ameinuka.

"Marahaba. Nani amekufa?"

Mzee Margwe ndiye alimjibu, "Ni yule mtoto."

Gidahosh alishusha fimbo yake chini polepole. "Nilikuwa mnadani Katesh," alisema. "Watu wa huku waliniambia ng'ombe wangu alikufa siku nyingi, na kwamba mtoto hana maziwa. Nikasema hapana, kama amekufa, ngozi ingekuja. Wakasema ni kweli. Basi nikamchukua huyu, nikaja naye." Alimtazama Vicent. Hakuwa na hasira. Wenzangu, hilo ndilo lililoniumiza, hakuwa na hasira hata kidogo. "Ngozi iko wapi, kijana wangu?"

"Niliitupa korongoni," Vicent alisema. "Karibu na Katesh. Sikufika kwako, Mzee. Niliona aibu. Nilikaa kwenye kibanda cha kuchajia simu, nikacheza mpaka asubuhi. Nikarudi, nikamwambia Mama umekataa."

Nilisikia Verediana anavuta pumzi.

"Ungekuja," Gidahosh alisema. "Ningekugombeza. Ningekugombeza sana. Halafu ningekupa huyu." Akaweka mkono juu ya mgongo wa ng'ombe mweupe. "Alikuwa ameshazaa. Alikuwepo."

Alikaa chini kwenye majani, mzee yule, akajifunika shuka lake mpaka usoni. Ng'ombe alisimama pembeni, chuchu zimejaa, zinadondosha maziwa ardhini kwa sababu hakuna aliyemkamua njia nzima.

Helena ndiye aliyeinuka. Aliingia ndani, akatoka na sufuria, akachuchumaa, akaanza kukamua. Mikono yake ilikuwa imekonda. Alipomaliza alimpa Mzee Gidahosh wa kwanza, akawapa na wageni wengine, mmoja mmoja. Kisha akaenda akasimama mbele ya mume wake.

"Nionyeshe," alisema.

"Nini?"

"Ulichokuwa unakilisha."

"Helena, tafadhali."

"Nionyeshe, baba Oliva."

Vicent alikitoa mfukoni. Alikiwasha, kimuziki kile kikatoka, chembamba, mbele ya watu wote. Helena alishika kifaa kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa karibu, niliona. Yule mnyama wa rangi ya chungwa alikuwa amegeuka umbo la mwisho. Alikuwa mkubwa, mwenye mbawa, anarukaruka kwa furaha kwa kumwona aliyemfungua.

Helena alimtazama kwa utulivu.

"Amenona," alisema.

Akamrudishia mume wake kifaa, akaenda kukaa na wanawake.

MAFUNZO YA HADITHI HII

Wapendwa, msiseme kwamba nimewaambia mchezo ni shetani. Sikuuona hivyo. Ulikuwa mchezo mzuri, na ulimrudishia mwanangu kitu alichokipenda. Kukumbuka utoto si dhambi. Lakini jambo la zamani likitolewa upya, linatolewa kwa mtu ambaye si mtoto tena, mwenye watu wanaomtegemea. Uliyekuwa unalishwa, sasa unalisha. Ukirudi kule, rudi kwa muda wako wa kupumzika, na mwambie mwenzako akuite. Akikuita, itika.

Mnyama wa kwenye kioo anaweza kungoja. Anaweza kuzimwa, ukamkuta kesho vile vile. Mtoto, mgonjwa, ng'ombe na zamu haviwezi kungoja.

Na hili la pili ndilo kubwa zaidi, vijana wangu nisikilizeni vizuri. Siku ile bondeni tulipoteza ng'ombe. Oliva hatukumpoteza siku ile. Tulimpoteza kwenye kibanda cha kuchajia simu, pale mtu mzima alipoona ni afadhali kujificha kuliko kusema, "Nimekosa." Ukiharibu, nenda ukaseme upesi. Aibu inachoma siku moja tu. Pengine huyo unayemkimbia ameshashika kamba anakungoja.

Helena amepona, yupo kwao sasa. Ng'ombe mweupe alimfuata huko, kwa neno la Mzee Gidahosh mwenyewe, maana kifua chake bado kinahitaji maziwa. Vicent yupo hapa kwangu. Nampikia. Hachezi, na hakuna aliyemkataza. Kila siku kundi la majirani linapopita asubuhi anasimama kwenye uzio kulitazama, na mpaka leo hakuna aliyemwambia, "Kesho ni zamu yako."